Itazame Kamba: Namna ya Kutazama Tagi na Meli za Mizigo Mtoni

Ukikaa kando ya mto wenye meli kwa mara ya kwanza, macho yatafuata kilicho kikubwa. Meli ya makontena yenye urefu wa mita 300 ikipita katikati ya kingo mbili, taratibu, karibu kiasi cha kusikia mngurumo wake kifuani, nani atahangaika na kitu kingine? Nami nilianza hivyo hivyo. Nilichelewa sana kugundua kwamba habari yenyewe imebebwa na kile chombo kifupi, kinene, kinachokwenda ubavuni mwa meli: boti ya kuvuta na kusukuma, ambayo mabaharia huiita tagi. Tagi hujua kabla yako. Ikiacha ubavu na kwenda kukaa nyuma, jua meli inakaribia kupunguza mwendo. Zikija tatu kwa pamoja kuilaki meli moja, jua meli hiyo inakwenda kugeuzwa au kufungwa gatini. Mtu anayeisoma tagi huona tukio dakika kumi kabla halijatokea.

Mwongozo huu ni wa mtu wa nchi kavu: anayesimama ukingoni na darubini yake, bila kibali cha kuingia bandarini wala boti yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta kona

Sehemu ya mto iliyonyooka huvutia kwa macho lakini haina mengi. Meli hutokea, hupita, huishia. Tafuta mahali ambapo meli inalazimika kufanya jambo: kwenye kona kali, kwenye eneo la kugeuzia meli, mkabala na gati, au pale marubani wanapobadilishana. Rubani ninayemtaja hapa ni yule anayepanda melini kumwongoza nahodha, kwa kuwa yeye ndiye anayeujua mto huo, mafungu yake ya mchanga na mikondo yake.

Mifano iko dunia nzima. Kwenye mto Columbia, Marekani, mji wa Astoria uko karibu na mlango wa mto. Hapo rubani wa kuvusha mlango wa bahari hushuka na rubani wa mtoni hupanda, na meli zinazosubiri zamu hutia nanga mbele ya mji. New Orleans, kwenye Mississippi, kuna kona ya Algiers Point, ambako mto una kina cha mita 60 hivi, na maji yakiwa mengi meli huongozwa kwa taa nyekundu na kijani kama magari kwenye makutano. Huko Savannah meli za makontena hupita mbele kabisa ya barabara ya ukingoni kwenda gatini. Gravesend, kwenye mto Thames, ni mahali pa marubani na tagi. Na kwenye Elbe, chini kidogo ya Hamburg, kuna Wedel, ambako tangu 1952 kituo cha Willkomm-Höft husalimu meli zinazoingia na kutoka kwa kushusha bendera na kupiga wimbo wa taifa wa nchi ya meli. Ukiona salamu hiyo ikijibiwa mara moja hutaisahau: baharia mmoja mdogo juu kule, peke yake kwenye sitaha, akipunga mkono.

Usidhani bandari za mtoni ziko karibu na bahari. Antwerp iko kilomita 80 hivi ndani ya mto Scheldt. Hamburg ni kama kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini. Matadi, kwenye mto Kongo, ni kilomita 150 hivi. Maana yake ni kwamba meli moja unaweza kuiona asubuhi kwenye mlango wa mto, ukasafiri kwa barabara, ukaiona tena ikifungwa.

Ukishapata mahali, panda juu kidogo ikiwezekana, na jua liwe mgongoni. Jua likiwa mbele yako utaona vivuli vyeusi tu, na jina la meli halitasomeka.

Hatua ya 2: Yajue maji kabla ya kujua ratiba

Wanaoanza huuliza: meli inapita saa ngapi? Swali zuri zaidi ni: maji yanajaa saa ngapi?

Mito ya pwani hupumua na bahari. Maji hujaa na kupwa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku saa za kujaa husogea mbele kama dakika 50. Meli iliyobeba shehena nzito, ambayo mkuku wake, yaani uti wake wa chini kabisa, unakaribia kugusa chini, husubiri maji yajae ndipo iingie, na mara nyingi hupanda mto pamoja na wimbi hilo la kujaa ili kina kiwe upande wake njia nzima. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana, mikondo huwa mikali, na tagi hufanya kazi ngumu zaidi. Wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati ambapo maji hujaa kidogo na kupwa kidogo, meli nzito kabisa huweza kukosa nafasi ya kupita. Kumbuka pia kwamba maji huchelewa kufika bara: saa ya kujaa kwenye mlango wa mto si saa ya kujaa kilomita 80 juu yake. Tumia jedwali la maji la mahali uliposimama.

Mkondo hukuambia pia meli itageukia wapi. Manahodha hupenda kufunga meli gatini omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikiukabili mkondo, kwa sababu meli inayopambana na maji hutii usukani hata ikiwa karibu imesimama. Ukiona meli inakuja na mkondo mgongoni na gati lake liko mbele yako, tulia. Yawezekana sana itageuzwa kwanza, na hiyo ndiyo saa ya kuacha mazungumzo na kushika darubini.

Kama hujui mkondo unakwenda wapi, tafuta meli iliyotia nanga. Upepo usipokuwa mkali, omo yake huelekea kule maji yanakotoka. Ikianza kuzunguka polepole, maji yamegeuka.

Hatua ya 3: Vifaa, na ni vichache

Darubini ya 7x50 au 8x42 inatosha; namba ya kwanza ni nguvu ya kukuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Yenye nguvu ya 10 na zaidi mikono hutetemesha picha, na utachoka haraka. Daftari na kalamu. Kitu cha kukinga upepo, kwa kuwa mtoni baridi hupenya hata siku ya jua.

Kisha simu, kwa ajili ya mfumo wa AIS. Huu ni mfumo wa redio ambao meli zote za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, pamoja na meli za abiria, hulazimika kuwa nao. Ulianza kutekelezwa hatua kwa hatua na ukakamilika mwishoni mwa 2004. Meli ikiwa mwendoni hutangaza mahali ilipo, mwendo na mwelekeo wake kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Ikiwa imetia nanga, kila dakika 3. Kuna programu za simu zinazokusanya matangazo hayo na kuyaonyesha kwenye ramani. Fungua ramani, tazama mlango wa mto, na utajua nini kinakuja.

Ila uitumie kwa kiasi. Mahali na mwendo hutoka kwenye mitambo na ni vya kuaminika. Lakini bandari iendako na kina cha meli huandikwa kwa mkono na mabaharia, na wakati mwingine ni habari za safari iliyopita. Mimi huitazama AIS kabla meli haijatokea na baada ya kupita. Ikiwa mbele yangu, simu huwa mfukoni.

Redio ya VHF, ile ambayo meli huzungumzia, ni utamu wa ziada. Chaneli 16 ni ya kuitana na ya dharura. Mazungumzo ya rubani na tagi huwa kwenye chaneli za kazi za bandari husika. Katika nchi nyingine kusikiliza bila leseni ni kosa, basi ulizia sheria kwanza. Panaporuhusiwa, utasikia rubani akitaja jina la tagi na amri, na nahodha wa tagi akirudia amri hiyo neno kwa neno ili kusiwe na shaka. Katika bandari nyingine tagi hujibu kwa honi fupi tu.

Hatua ya 4: Zitambue tagi kwa maumbile yake

Tagi zote hufanana kwa mbali: fupi, pana, zenye matairi na mipira minene kuzunguka. Tofauti iko kwenye namna zinavyosukumwa na mahali kamba inapofungwa.

Ile ya kizamani ina rafadha, yaani panga la kusukumia majini, nyuma na usukani wa kawaida, kama meli yoyote. Ndoano yake ya kuvutia iko karibu na katikati, nyuma ya chumba cha nahodha, na sitaha ya nyuma ni ndefu na iko chini, karibu na maji. Bado utaiona ikivuta matishari, yaani vile vyombo bapa visivyo na injini.

Tagi nyingi mpya za bandarini zina rafadha mbili tezini, yaani upande wa nyuma, kila moja ndani ya pete ya chuma, na zote mbili huweza kuzungushwa kuelekea upande wowote. Tagi ya namna hii hukimbia kinyumenyume kama inavyokimbia mbele. Roda kubwa la kamba, lile linaloendeshwa kwa mtambo, liko omoni, na chumba cha nahodha kina vioo pande zote, hata darini, ili aweze kuitazama meli iliyo juu yake kichwani. Ukiona tagi ya urefu wa mita 30 hivi ikizunguka papo hapo kama pia, ni hii. Nguvu yake hupimwa kwa tani inazoweza kuvuta ikiwa imefungwa kwenye nguzo ya gati, na 50 hadi 80 ni kawaida.

Aina ya tatu ina mitambo yake mbele ya katikati, chini ya tumbo. Baadhi yake hutumia mtambo wa Voith Schneider, uliobuniwa miaka ya 1920 na Ernst Schneider: badala ya rafadha, kuna mapanga yaliyosimama wima yakizunguka kwenye sahani na kubadili pembe. Tagi hii hufanya kazi huku tezi yake ikiielekea meli, jambo linalomchanganya mtazamaji mgeni.

Na kwenye mito mikubwa kuna boti za kusukuma. Omo yake ni bapa kama ukuta, na ina nguzo mbili za kuegemeza matishari. Sehemu ya juu ya Mississippi, penye malango ya maji yanayopandisha na kushusha vyombo, msafara wa kawaida ni matishari 15: matatu kwa upana, matano kwa urefu, yamefungwa kwa nyaya yakawa kitu kimoja. Chini ya malango hayo, mto unapopanuka, msafara huzidi 30. Tazama unavyopinda kona. Nahodha huanza kuugeuza mapema mno, hata unadhani amekosea, kisha mkondo unaumalizia.

Kwingine kazi ni nyingine: Chao Phraya, Thailand, tagi huvuta matishari yakifuatana kwa mnyororo mrefu; mto Fraser, Kanada, huvuta magogo yaliyofungwa yakaelea kama uwanja.

Hatua ya 5: Itazame kamba

Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi.

Meli inakuja, mwendo bado. Tagi inaisogelea kwa ubavu, ikilinganisha mwendo na mwendo, mpaka inakuwa chini ya omo ya meli. Mahali hapo ni pa hatari kuliko pote: maji yanayosukumwa na omo huvuruga usukani wa tagi, na kosa dogo huweza kuiingiza mbele ya meli. Juu, baharia wa meli anachungulia, anazungusha mkono, anarusha kamba nyembamba yenye uzito mwishoni. Inaanguka kwenye sitaha ya tagi. Baharia wa tagi anaiokota mbio, anaifunga kwenye kamba kuu, anainua mkono, anarudi nyuma. Juu wanaanza kuvuta. Kitanzi kinapanda ubavuni, kinaingia kwenye tundu, kinavishwa kwenye nguzo za chuma. Mkono mwingine unainuliwa, safari hii kule juu.

Kisha kamba inaanza kusema. Ikining'inia na kugusa maji, tagi inasindikiza tu. Ikiinuka, ikichuruzika matone kwa mstari mmoja, rubani ameshatoa amri. Inapokaza kweli, maji yaliyobaki kwenye nyuzi huruka kama ukungu mwembamba, na kamba hunyooka mpaka haitikisiki tena. Ukifika hapo acha kuitazama kamba, hesabu moja, mbili, tatu, kisha tazama omo ya meli dhidi ya kitu kisichosogea ng'ambo ya mto: mti, mnara, pembe ya ghala. Utaiona inaanza kuhama. Tani laki moja zimeanza kugeuka kwa sababu ya kamba isiyozidi unene wa mkono wa mtu.

Kamba hiyo aghalabu si ya chuma siku hizi. Ni ya nyuzi za plastiki ngumu zinazoelea, zenye nguvu kuliko chuma kwa uzito ule ule, na nyepesi kiasi kwamba mabaharia wawili huimudu.

Tagi ikikaa nyuma ya meli inayokwenda kasi, huenda ikafanya jambo la ajabu: inajiinamisha, inaweka ubavu wake mkondoni na kuacha maji yaupige. Haijapoteza mwelekeo. Inatumia mwili wake wote kama breki, na kwa njia hiyo huweza kuzuia kwa nguvu kubwa kuliko ile ya injini zake.

Na jua hatari anayoiogopa kila nahodha wa tagi: kamba ikivuta kutoka ubavuni wakati tagi haiwezi kugeuka kuifuata, tagi hupinduliwa, na hupinduliwa kwa sekunde chache. Ndiyo maana ndoano na maroda yana kifaa cha kuachia kamba papo hapo. Tagi ikiachia ghafla katikati ya kazi, usicheke wala usilaumu. Mtu ameokoa roho.

Tagi zinaposukuma badala ya kuvuta, tafuta alama kwenye ubavu wa meli: mshale au mstari mweupe wenye neno TUG. Bamba la meli pale limeimarishwa kwa ndani. Kwingine tagi ingelibonyeza.

Hatua ya 6: Isome meli ubavuni

Tarakimu zilizopangwa omoni, katikati na tezini huonyesha meli imezama kiasi gani. Zikiwa za kipimo cha mita, kila tarakimu ina urefu wa sentimita 10 na nafasi kati yake ni sentimita 10. Katikati utaona duara lililokatwa na mstari: hiyo ni alama ya mwisho wa kupakia, ambayo Uingereza iliifanya sheria mwaka 1876 baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokuwa wakizamishwa na shehena iliyozidi. Pembeni yake kuna mistari yenye herufi. F ni maji baridi, yasiyo na chumvi, na mstari wake uko juu ya ule wa bahari, kwa kuwa maji ya mtoni ni mepesi na meli huzama zaidi ndani yake. Meli kubwa iliyotoka baharini huzama zaidi kwa kiasi cha sentimita 20 hadi 30 hivi bila kuongezwa hata gunia moja.

Meli tupu utaijua kwa mbali: rangi nyekundu ya tumboni iko wazi, pua ya mviringo imechomoza omoni, na rafadha huchapa juu ya maji. Hata hivyo si tupu kabisa; imebeba maji ya farumi, yaani ya kuongeza uzito, ili isiyumbe.

Tezini kuna jina na bandari ya usajili. Utasoma Monrovia, Majuro na Panama mara nyingi kuliko miji ya wenye meli, kwa kuwa meli nyingi za dunia husajiliwa Liberia, Visiwa vya Marshall na Panama. Chini yake, au mahali pengine palipo wazi, kuna nambari ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, tarakimu saba ambazo hazibadiliki hata meli ikiuzwa mara tano na kupewa majina matano. Unaweza kuhakiki kama umeinakili sawasawa. Chukua 9074729: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano. Unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, na ya saba kwenye nambari ni 9. Umeinakili vizuri.

Bendera nazo: nusu nyeupe na nusu nyekundu, zimesimama wima, ina maana rubani yumo. Nyekundu tupu ni shehena ya hatari. Njano tupu ni meli inayoomba kuruhusiwa na watu wa afya.

Hatua ya 7: Sikiliza

Honi moja fupi, ya kama sekunde moja: nageuza kulia. Mbili: nageuza kushoto. Tatu: injini zangu zinarudisha nyuma, ingawa meli yenyewe bado itasonga mbele kwa muda. Tano au zaidi, za harakaharaka: sielewi unachofanya, au sidhani unafanya vya kutosha. Ukizisikia tano, inua darubini mara moja na utafute boti ndogo iliyo mahali isipopaswa kuwa. Honi moja ndefu, sekunde 4 hadi 6, hupigwa na meli inayokaribia kona ambayo nyuma yake hapaonekani, na aliye upande wa pili hujibu vivyo hivyo. Hiyo ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote mtoni: ndefu, kimya, kisha jibu kutoka nyuma ya miti.

Kwenye maji ya ndani ya Marekani maana hubadilika kidogo. Huko honi moja au mbili ni pendekezo la upande wa kupishana, na linangoja kujibiwa.

Wakati wa ukungu, meli inayotembea hupiga honi ndefu moja kila baada ya muda usiozidi dakika 2. Ukisikia ndefu moja ikifuatwa na fupi mbili, huenda ni tagi yenye mzigo nyuma yake.

Hatua ya 8: Rudi usiku

Usiku mto husomeka kwa urahisi zaidi kuliko mchana, ukishajua herufi zake chache. Kushoto kwa meli kuna taa nyekundu, kulia kijani. Meli kubwa ina taa mbili nyeupe juu ya milingoti, ya mbele ikiwa chini na ya nyuma ikiwa juu. Zikiwa moja juu ya nyingine kwa mstari mmoja, meli inakuelekea wewe. Ile ya chini ikianza kusogea kushoto, meli inageukia kushoto kwako. Utaliona badiliko hilo kabla hujaona umbo la meli yenyewe.

Tagi inayovuta huwasha taa mbili nyeupe zilizopandana wima. Mzigo ukienda nyuma yake zaidi ya mita 200, huwasha tatu. Nyuma huwa na taa ya njano juu ya ile nyeupe. Boti za kusukuma kwenye maji ya ndani ya Marekani huonyesha njano mbili nyuma. Boti ya rubani ni nyeupe juu, nyekundu chini. Taa tatu nyekundu zilizopangana ni meli ambayo kina chake hakiiruhusu kutoka kwenye njia yake.

Maboya yana taa pia, lakini angalia uko bara gani. Afrika, Ulaya, Australia na sehemu kubwa ya Asia, meli inayoingia kutoka baharini huacha nyekundu kushotoni. Mabara ya Amerika, pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, nyekundu hukaa kulia.

Usalama: maji yakikimbia ukingo, nawe kimbia

Meli nzito kwenye njia nyembamba husukuma maji mbele yake na kuyavuta ya pembeni. Kwa hiyo ukingoni, kabla meli haijakufikia au inapokuwa mbele yako, maji hurudi nyuma: mawe yaliyokuwa yamefunikwa hutokeza, tope huonekana. Kisha maji hayo hurudi yote kwa mara moja.

Niliwahi kuweka begi langu kwenye jiwe, hatua nne juu ya maji, nikawa nasoma nambari za meli ya mafuta. Maji yalipokimbia nilidhani yanakupwa. Yaliporudi yalinifika magotini, na begi likaenda. Karibu yangu palikuwa na mtoto akiokota makombe, na mama yake alimnyakua kwa mkono mmoja. Tangu siku hiyo sisimami kwenye mchanga wala mawe yenye ubichi, na naomba nawe usisimame. Kaa juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji, na watoto wakae juu zaidi.

Ukiwa na kijiboti, usipite kamwe kati ya tagi na kinachofuata nyuma yake. Kamba huweza kuwa chini ya maji sasa hivi na kuwa juu sekunde inayofuata. Uzio wa bandari nao uuheshimu. Tangu 2004 bandari za kimataifa zinafuata kanuni kali za ulinzi, na mtu mwenye kamera getini huulizwa maswali. Jibu kwa upole, onyesha daftari.

Hatua ya 9: Andika

Saa, hali ya maji, upepo, jina, nambari ya IMO, kina cha omoni na cha tezini, idadi ya tagi na kila moja ilikaa wapi. Hili la mwisho wengi huliacha, na ndilo lenye thamani. Baada ya miezi michache utaona kwamba meli ile ile ilichukua tagi mbili siku tulivu na nne siku ya upepo, na kwamba tagi fulani huwekwa tezini kila mara.

Na meli ikishafungwa, usiondoke bado. Kamba inalegezwa, kitanzi kinashushwa, roda linaimeza kamba mpaka mwisho. Tagi inarudi nyuma kidogo, inazunguka papo hapo, inashuka mto. Andika saa, kisha igeuzie darubini kwenye mlango wa mto, kule inakoelekea.